Kapu la Mawe Kisimani

Chumba cha nyuma ya maabara
2 Machi

Dada,

Pokea salamu, nyingi kuliko unavyostahili. Zigawe hivi: nusu zako, robo za Baba, zilizobaki apewe mwanao Kibonge, na Shemeji kama zitasalia chenga azilambe. Mimi mzima. Nimenenepa kidogo, na nimepata koti jeupe. Ndiyo, koti jeupe, lenye mfuko wa kalamu. Ukiniona utasimama ukidhani daktari anapita.

Nakuandikia kwa sababu dereva wa lori la saruji, yule anayepita huko kwenu kila wiki, kaniletea habari mbaya huku anacheka. Eti Shemeji anataka kukifukia kisima cha Baba. Eti maji ya bomba yamefika mtaani, majirani wote wamevuta, na yeye hataki tena kuishi na shimo uani. Hebu niambie dereva huyo ni mwongo. Baba amechimba visima arobaini na moja, arobaini vya watu na kimoja chetu. Mama alichota humo mpaka siku zake za mwisho. Ukikifukia hicho, umemfukia mzee akiwa amesimama.

Halafu na mimi je? Umesahau likizo iliyopita nilivyotoka jasho? Pampu nimefunga mimi. Ule mrija wa shaba unaotoka kisimani mpaka jikoni kwako nimeulaza mimi, mita kumi na nane, kila kiungo nimekichomelea kwa mkono huu. Ulitolewa kwenye jengo letu la zamani hapa maabara walipobadilisha mabomba; wenzangu wakaona takataka, mimi nikaona dhahabu. Nikakisafisha na kisima chenyewe. Nikalitoa lile kapu la mawe la Baba lililokuwa linaning'inia ndani miaka nenda miaka rudi, linagongana na pampu yangu. Mzee alinuna siku mbili! Kwa ajili ya mawe, jamani. Lakini siku ya tatu ulifungua koki, maji yakatoka yenyewe ukutani, ukacheka mpaka ukashika kiuno. Sema hukucheka.

Sasa sikiliza. Hapa nilipo ndipo penyewe, maabara ya maji. Maji ya mji mzima yanapita kwanza mikononi mwangu. Niletee chupa mbili kwa huyo dereva: moja ya bomba la jirani, moja ya kisima chetu. Nitazipima tindikali zote mbili, nimwoneshe Shemeji kwa namba kwamba hayo maji yake ya bomba ni makali ya kutoboa utumbo, na ya Baba ni matamu. Maji yaliyotiwa dawa yatashindana na maji ya ardhini? Thubutu!

Nikikosea, likizo ijayo nitafua nguo zote za Shemeji, mpaka soksi.

Mdogo wako,
Domo
Mtaalamu Mkuu wa Maji


Nyumbani kwa Baba
7 Machi

Domo,

Koti jeupe hata muuza nyama analo. Salamu tumezigawa kama ulivyoagiza. Shemeji yako kasema chenga zake umrudishie.

Dereva si mwongo. Lori la kifusi limeshaagizwa, linakuja tarehe thelathini na moja. Ila hukuambiwa sababu. Sababu ni Kibonge. Wiki ya sita sasa anatapika. Asubuhi, kitu cha kwanza nikiamka, namkorogea maziwa yake ya unga. Anakunywa vizuri. Nusu saa haijaisha yote yamerudi kifuani kwangu. Mchana anapata nafuu, anacheza. Asubuhi tena. Jina la Kibonge limebaki utani, suruali zinamvuka akitembea. Nimebadilisha unga, nimechemsha chupa, nimechemsha maji, nimebaki kujichemsha mwenyewe.

Shemeji yako anasema ni kisima. Hana ubaya, Domo, ana hofu. Baba amesikia. Kila asubuhi anachota ndoo yake kwa kamba kama zamani. Hiyo koki yako hajawahi kuigusa; anasema maji yaliyopita ukutani hajui yamekutana na nani huko. Basi anakunywa kopo zima mbele yetu, anatutazama mmoja mmoja, anafuta mdomo, kisha anapasua karanga na maganda yake kwa meno ili tuone kwamba bado anayo yote. Halafu anaondoka. Hali nasi tena. Jana kaniambia, bila hata kugeuka, kwamba siku kifusi kikimwagwa atafunga vifaa vyake na kwenda kutafuta kibarua, na miaka yake hiyo sitini na nane.

Sinki langu nalo limeota rangi ya kijani chini ya koki, kijani kinachoelekea buluu, nasugua mpaka kucha zinauma. Nakuambia tu ujue zawadi uliyoniachia.

Chupa hizi hapa. Kofia nyekundu ni bomba la jirani. Kofia ya buluu ni kisima, nimekinga kwenye koki asubuhi kabla mtu hajafungua. Ningekupigia simu lakini chupa haipiti kwenye simu, na Shemeji yako anataka kitu kilichoandikwa. Amesema, "Mdogo wako akileta namba, nitaiheshimu namba." Kwa hiyo mara hii moja tu usinichekeshe. Pima.

Dada yako


Chumba cha nyuma ya maabara
11 Machi

Dada,

Kazi imekwisha! Nimepima mara tatu, maana sisi wataalamu hatupimi mara moja.

Kofia ya buluu, kisima cha Baba: safi. Tindikali hakuna hata ya kuonjesha. Mashine yenyewe ilishangaa. Kofia nyekundu, bomba la Shemeji: kali. Nilipochovya karatasi ikageuka rangi mpaka nikarudi nyuma hatua mbili. Namba zenyewe ni ndefu, za kitaalamu, hazitoshi kwenye karatasi hii na ningekuchosha bure.

Mwambie Shemeji alirudishe lori lake. Kibonge ni meno tu yanaota, watoto ndivyo walivyo. Mpe maji ya kisima kwa wingi, ya koki hiyo hiyo, asubuhi na hata mchana. Yatamsafisha tumbo. Na Baba mwambie mwanawe kamtetea mbele ya sayansi.

Wako,
Domo
Mtaalamu Mkuu wa Maji, Mkoa Mzima


Zahanati, kitanda cha tatu
18 Machi

Domo,

Naandika juu ya goti. Kibonge amelazwa tangu juzi, ametundikiwa maji mkononi. Mkono wenyewe umekuwa mdogo hivyo hivyo unavyofikiria.

Nilifanya ulivyosema. Nikampa asubuhi na mchana.

Daktari ameuliza mtoto anakunywa maji gani. Nikatoa barua yako kwenye mkoba, nikamwonesha. Akaisoma yote. Akaniuliza, "Namba ziko wapi?" Nami nakuuliza wewe. Zipo, Domo?

Dada


Chumba cha nyuma ya maabara
20 Machi

Dada,

Hazipo.

Nimeshampigia Shemeji kabla ya kushika kalamu. Nimemwambia mambo mawili: koki ifungwe sasa hivi, na daktari aambiwe neno moja, shaba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema "Sawa," akakata. Haya mengine sikuweza kuyatoa kwa mdomo, ndiyo maana nayaandika. Msomee Baba yote. Usiruke pale niliposema uongo.

Mimi ni muosha chupa. Koti ni jeupe kweli, ila ni la waosha chupa, la mikono mifupi, ili isilowe. Maji ya mji mzima yanapita mikononi mwangu ndiyo, lakini yakiwa yameshapimwa, namwaga nasugua naanika. Mashine siruhusiwi kugusa. Chupa zako zilikaa chini ya meza yangu ya kuoshea, na mimi nikaandika yale niliyotaka yawe kweli. Nilidhani nikimtetea Baba nitakuwa nimesema kweli, hata kama sijapima.

Barua yako ilipofika nilizichukua zile chupa nikaenda kwa mkuu wa maabara. Tunamwita Mama Miwani. Ni mama ambaye akikohoa ukumbini, watu wazima wanaweka shati vizuri. Nilijua nafukuzwa. Nikaweka chupa mezani, nikamweleza yote.

"Na ulimwandikia dada yako nini?"

"Kwamba ni safi, mama."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akanitazama mpaka nikaona aibu ya kuwa na miguu.

"Vuta kiti. Leo utapima mwenyewe. Ukinidanganya namba moja tu, nitakuosha wewe na nikuanike."

Dada, sijui nitakuelezaje. Akanimiminisha maji kwenye bilauri mbili za kioo, nikaziweka dirishani. Jua likapita mote sawasawa. Nilizitazama, nikainama, nikanusa. Mapacha. Ungeapa ni maji yale yale. Akanipa vikaratasi vyembamba, nikachovya kimoja kwenye maji ya bomba: kikawa kijani kama jani changa. Nikachovya cha pili kwenye ya kisima: kikaenda njano, kikaendelea, kikasimama karibu na rangi ya ganda la chungwa. Hapo hapo mbele ya macho yangu! Kitu kilikuwemo mle muda wote, sikukiona, na karatasi imekiona.

Kisha mashine. Ina kijiti cha kioo, unakitumbukiza na namba zinahangaika, zinapanda, zinashuka, mpaka zinatulia kama kuku aliyepata mahali pa kutagia. Saba ndiyo katikati. Juu ya saba tindikali imezidiwa, chini ya saba ndiyo inayotawala. Bomba: saba nukta nne. Kisima: tano nukta nne.

Nikavuta pumzi. Nikasema, "Kumbe tofauti ni mbili tu, mama."

"Mbili tu? Kila hatua moja kushuka ni mara kumi. Hesabu."

Kumi mara kumi. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto na bado nikapata ile ile. Maji ya Baba yana tindikali mara mia ya maji ya bomba. Mara mia, Dada, na yamekaa pale dirishani hayajasema neno.

Nikauliza imetoka wapi. Akaniambia mvua ikishuka inapita kwenye udongo, na udongo unapumua. Mizizi inapumua, wadudu wanapumua, majani yanayooza yanapumua, na pumzi hizo zote zimefungiwa kule chini. Maji yakipita yanazibeba. Ndiyo ile ile inayokuuma ulimi kwenye soda.

"Kwa hiyo kisima cha Baba ni soda isiyo na sukari," nikasema.

Mdomo wake ukatikisika kidogo. Kwa Mama Miwani hicho ni kicheko.

"Lakini mama, tumekunywa humo tangu tuzaliwe. Mbona hatukutapika?"

"Hilo ndilo swali la kwanza la akili umeuliza tangu uajiriwe. Tumboni mwako kuna tindikali kali kupita hii kwa mbali. Hii tumbo haliiogopi. Kinachoiogopa ni madini. Haya maji yamepita wapi kabla ya kuingia kwenye chupa?"

Dada, nilikumbuka jikoni kwako. Nikamwambia habari za mrija, mita kumi na nane. Akachukua maji ya kofia ya buluu, akatia unga wake kidogo, akatikisa. Yakageuka zambarau, iliyokolea, nzuri kiasi kwamba ningependa kuisahau. "Shaba," akasema. "Mara nne ya kiasi kinachoruhusiwa."

Basi ndivyo ilivyo. Maji ya kisima yanalala usiku kucha ndani ya mrija wangu yakiulamba. Asubuhi unafungua koki, na yale ya kwanza kabisa, yaliyolamba kuliko yote, ndiyo unayomkorogea mtoto. Kuchemsha hakuyasaidii, shaba haichemki ikaondoka. Kijani cha sinki lako ndiyo hiyo shaba. Baba haumwi kwa sababu hakuigusa koki. Kisima hakijamtapisha mtu. Nimemtapisha mimi.

Kibonge apewe maji ya bomba la jirani, hayo hayo niliyoyatukana. Na uniletee maji yaliyochotwa kwa ndoo, na kipande cha mrija. Safari hii nitapima, Mama Miwani akiwa amesimama nyuma ya shingo yangu.

Sijui niombeje msamaha. Nikijua nitaandika tena.

Domo
Muosha chupa


Nyumbani kwa Baba
25 Machi

Domo,

Tumerudi nyumbani tangu juzi. Asubuhi ya leo Kibonge amekunywa maziwa yake yote. Nimekaa naye mapajani nikitazama saa ya ukutani. Nusu saa. Saa nzima. Akacheua, akacheka, akanivuta nywele. Sijawahi kufurahi kuvutwa nywele.

Kuhusu msamaha, nina hasira na wewe bado, itakaa kaa, kisha itaondoka. Usiiharakishe.

Barua nimemsomea Baba yote kama ulivyotaka, Shemeji yako naye akiwa amesimama mlangoni. Nilipofika kwenye ule ukali wa kisima nilitaka kuruka kidogo, nimwonee huruma mzee. Akanyanyua mkono: "Soma." Nikasoma. Akaniuliza, "Mara ngapi?" Nikasema mia. Unajua alifanya nini? Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nilijua yanauma," akasema. "Sikujua yanauma mara mia!"

Alijua, Domo. Kaa chini kwanza ndipo usome.

Fundi aliyemfundisha kazi, yule wa mkono wa kushoto, kila wakimaliza kisima alikuwa analaza msumari mpya kwenye ndoo ya maji yake siku tatu. Msumari ukitoka umechubuka vibaya, kisima kile kinapewa kapu la mawe meupe, yale laini yanayochora ukutani kama chaki. Ukitoka na kutu ya kawaida, hakipewi. Kisima chetu kiliuchubua msumari. Basi tangu mwaka niliozaliwa mimi, miaka thelathini na miwili, kila baada ya mvua Baba analivuta kapu, anaongeza mawe, analishusha. Mawe yanapungua, unajua. Yanaingia makubwa kama ngumi yanatoka kama mayai ya kwale. Wewe na mimi tulikuwa tunamcheka: mzee analisha kisima.

Nikamwuliza ni kwa nini mawe. Akasema, "Sikuuliza. Ungemwuliza yule bwana, angekurushia tindo."

Nikamwuliza, basi mbona hukumwambia Domo alipolitoa kapu? Akachukua karanga, hakuipasua. "Kijana anatoka maabara," akasema. "Mimi nina mawe. Ningemwambia nini? Kwamba niliambiwa tu?"

Kapu lenyewe alikuwa amelificha nyuma ya banda la kuku. Alilitoa jalalani jioni ile ile uliyolitupa.

Shemeji yako ndiye aliyeukata mrija, kwa msumeno, bila kutumwa. Ndani umelika kama ulimi umepita. Nakutumia kipande. Sasa kapu limerudi kisimani na mawe mapya, na Baba ametandika mengine chini ya pipa la plastiki la jikoni. Maji yanakaa humo siku mbili. Shemeji yako bado ana hofu na simlaumu. Amesema hivi: maji ya pipa yakipita sita na nusu, kiwango alichopewa na daktari, na shaba isiwemo, kisima kitabaki na kifusi atakimwaga njiani kwenye matope. Yasipopita, tarehe thelathini na moja ni ile ile. Baba amekubali. Wamepeana mikono, wakaangalia pembeni wote wawili.

Kofia nyeupe ni maji ya ndoo, yaliyochotwa kisimani kabla kapu halijarudi. Kofia ya kijani ni ya pipa. Na hili jiwe la kapuni ni la kwako.

Na Baba ana swali, nimeandika kama alivyolisema: "Jiwe linakwenda wapi? Nimeingia kisimani kusafisha mara nyingi, nimepapasa chini, sijapata unga wake hata wa kujaza kijiko. Mwulize huyo mwenye miwani."

Dada yako


Maabara, mezani kwa Mama Miwani
29 Machi

Baba,

Safari hii nakuandikia wewe. Dada atakusomea, na akiruka neno utamjua kwa macho.

Namba kwanza, ingawa Shemeji nimeshampigia. Kofia nyeupe: tano nukta nne, ile ile, kisima chako hakibadiliki neno. Kofia ya kijani: sita nukta nane. Nimerudia mara tatu, za kweli. Shaba tumeitafuta kwa ule unga, maji yakabaki meupe. Mama Miwani akasema hiyo ni kidogo mno hata ya kuandika, kisha akaiandika. Njia ya matope imepata kifusi. Nami nimekula hasara ya soksi za Shemeji, maana kwenye ubishi wa kwanza bomba lilishinda.

Kipande cha mrija nilikiweka mezani. Mama Miwani akakishika, akachungulia ndani kama darubini, akauliza mawe yalikuwa wazo la nani. Nikasema la Baba. Akauliza, "Alisomea wapi?" Nikasema hukusoma, na wewe mwenyewe unasema uliambiwa tu. Akaenda kuwaita wenzake wote, hata yule wa vijidudu ambaye hatokagi chumbani kwake. Wakasimama kulizunguka jiwe lako. Watu sita wenye makoti ya mikono mirefu, Baba, wanaulizana habari za msumari wako: siku ngapi, ndoo ya nini, msumari wa inchi ngapi. Walinigeukia mimi niwajibu. Nilitaka kujibu mengi. Nikasema sijui, nitamwuliza.

Kisha Mama Miwani akanivunjia kijipande, akanipa tindikali kali kwenye kichupa, akaniambia nikidondoshe. Nikadondosha. Jiwe lilichemka bila moto. Povu lilipanda, likalia tsss, viputo vikapishana kwenda juu kama vina haraka ya miaka. Nilipiga kelele, sikatai. "Hiyo ni pumzi iliyokuwa imefungiwa kwenye jiwe," akasema. Nikamtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Maji yako yanakuja na pumzi ya udongo, yanalikuta jiwe lenye pumzi ya zamani, vinapatana, ukali unaondoka. Kisimani mambo ni yale yale, ila taratibu mno, bila povu, kila siku, miaka thelathini na miwili, hata siku tulizokuwa tunakucheka.

Povu lilipoisha nikatazama kichupani. Maji matupu, meupe pe. Jiwe hakuna. Hapo ndipo nikamwuliza swali lako.

Baba, uliangalia mahali siko. Jiwe halijawahi kuwa chini ya kisima. Limeyeyuka likaingia kwenye maji, na maji tumeyanywa. Mama Miwani anasema kilichomo kwenye jiwe hilo ni kile kile mwili unachojengea mfupa na jino. Nilimwambia kuhusu karanga zako. Akavua miwani kabisa, akacheka kwa sauti, watu wakachungulia mlangoni.

Nilipokuwa narudi kwenye chupa zangu nikajigonga goti kwenye kona ya meza, ko! Kwa kawaida ningetukana meza. Nikasimama pale nimelishika kwa mikono miwili, wenzangu wananiuliza umeumia, umeumia, nami nawaza kwamba kuna mahali humo ndani, nyuma ya ngozi, upo unga wa mawe ya kapu lako nililolitupa jalalani.

Mwanao,
Domo